Kutoka Jembe la Ufipa hadi Paneli ya Jua

Anayeteremka kutoka Sumbawanga kwenda Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, huacha nyuma uwanda wa juu wa Ufipa, ambako masalia ya malungu bado yanaonekana. Ilungu lilikuwa tanuri la udongo lenye kimo cha takriban mita 3, lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma chake kilisafishwa katika tanuri dogo, kisha kikafuliwa majembe. Ujuzi huo wote ulikuwa mikononi mwa Wafipa.

Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoenea wakati wa ukoloni, malungu yalizimika. Mkulima hakukosa jembe, lakini jamii ilipoteza mafundi wake. Simaanishi turudi huko, kwani malungu yaliteketeza mkaa mwingi. Ninachosema ni kwamba bidhaa yaweza kuingia nchini huku ujuzi ukitoweka.

Historia hiyo inatuhusu leo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, katika ibara ya 4(5), uliyataka mataifa tajiri yawezeshe na kugharimia upatikanaji wa teknolojia safi pamoja na ujuzi wake, na yasaidie kukuza uwezo wa ndani wa nchi zinazoendelea. Mkataba wa Paris wa 2015 ulirudia wito huo katika ibara ya 10. Katikati yake, mwaka 1995, ulianza kutumika mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaolinda hataza kwa miaka isiyopungua 20. Anayekiuka huu wa pili anaweza kushtakiwa na hata kuwekewa vikwazo vya kibiashara. Anayepuuza ahadi ya 1992 hukumbushwa tu mikutanoni.

Hata hivyo, lawama zote tusiwatupie matajiri. Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa kutotekeleza sehemu kubwa ya masharti hayo ya hataza hadi Julai 1, 2034. Je, tunautumiaje muda huo? Mtumishi wa umma anayeandaa zabuni ya umeme wa jua kwa zahanati ya kijijini anaweza kudai mafunzo, vipuri na michoro ya mitambo. Asipodai, siku betri itakapokufa Muze, fundi atasubiriwa kutoka mbali, na tutakuwa tumelipia jembe lilelile mara ya pili.