Utepe Mweusi Juu ya Taa: Historia Fupi ya Onyo

Makala hii inaanzia kwenye gari bovu lililosimama njiani, kabla hujafika Katumba ukitokea Mpanda. Gari lilikuwa langu, na kosa, kama nitakavyoeleza, lilikuwa langu pia kwa sehemu kubwa.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika. Nililipeleka gari gereji. Fundi alichomoa waya wa betri, akasubiri, akaurudisha; taa ikatoweka siku mbili, kisha ikarudi. Mara ya pili hakujisumbua. Alikata kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa, akaniambia: "Mwalimu, hiyo ni taa ya kompyuta tu. Haina neno." Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Siku ya safari ya Katumba, injini ilianza kugonga kama nyundo juu ya bati, kisha ikazima. Aliitwa mzee mmoja fundi, mkazi wa Katumba. Alikuja na spana chache na kitambaa. Alivuta stiki ya oili: kavu. Kisha akaubandua ule utepe na kufungua swichi. Zikawaka taa mbili: ile ya njano, na pembeni yake nyekundu yenye umbo la kopo la oili. Utepe uliokusudiwa kuficha taa moja ulikuwa umefunika zote mbili. "Mwalimu," alisema mzee kwa upole, "gari lilikuita, hukulisikia." Fedha za injini nyingine zilitoka kwenye akiba ya ada ya binti yangu.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: taa hizi zilitoka wapi, na kwa nini tunazichukulia kama kitu kimoja? Kumbe kila moja ina historia yake.

Taa nyekundu ndiyo kongwe. Magari ya mwanzo yalikuwa na geji, na dereva alisoma mwenyewe mgandamizo wa oili ukipanda na kushuka. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuondoa geji na kuweka taa mahali pake. Madereva wa huko wakazibeza kwa kuziita taa za wajinga. Dharau hiyo ilikuwa na hoja ndani yake. Geji humpa dereva habari mapema, naye akaamua. Taa humpa amri, tena kwa kuchelewa. Taa ya oili haipimi wingi wa oili, hupima mgandamizo wake. Inapowaka huku gari likitembea, mara nyingi madhara yameshaanza. Tafsiri yake ni moja tu: egesha, zima injini.

Taa ya njano ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1940 wakazi wa Los Angeles waliishi chini ya ukungu wa moshi uliowawasha macho na kuwabana vifua. Wanasayansi walionyesha kwamba magari yalikuwa miongoni mwa chanzo chake kikuu, na jimbo la California likatunga sheria. Kuanzia magari ya mwaka 1988, jimbo hilo lilitaka kompyuta ya gari ijichunguze na kuwasha taa pale mitambo ya kudhibiti moshi inapoharibika. Mwaka 1996 mfumo ulioboreshwa ukawa lazima kwa magari mapya madogo Marekani nzima. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo taa hiyo iliwekwa kwanza kulinda mapafu ya jirani, ingawa leo humwonya dereva pia kuhusu hitilafu nyingi za injini yenyewe.

Sisi tuliipokea taa hiyo ndani ya magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, bila historia yake. Ilikuja hata kabla mafuta yetu hayajawa tayari. Petroli yenye madini ya risasi huua kile kichujio cha moshi ambacho mafundi wetu hukiita masega, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwisho wa 2005 tu. Si ajabu basi kwamba dereva wetu alijifunza kuiona taa ya njano kama kelele za mgeni.

Mzee wa Katumba alikuwa na elimu ya aina nyingine. Makazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi. Kwa ushirikiano wa Serikali yetu, UNHCR na shirika la TCRS walipewa ardhi porini, na kwa jembe lao wakajilisha. Mzee aliniambia kwamba ufundi aliupata kwenye malori ya mazao. Katika miaka ya 1980, taifa lilipokosa fedha za kigeni, spea zilikuwa adimu na fundi alilazimika kuijua injini kwa sikio, pua na vidole. "Asubuhi ni oili, maji, matairi," alisema. "Ndipo unawasha." Hakuhitaji taa kwa sababu hakungoja kuonywa.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke akidhani zamani ilikuwa bora. Sikio la mzee haliwezi kusoma kosa la sensa. Lakini kompyuta ya gari nayo si siri ya wateule. Katika Toyota nyingi za zamani, fundi huunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, kisha huhesabu mimweko ya taa ili kupata namba ya kosa. Sheria ya 1996 ililazimisha soketi ya aina moja, yenye pini 16, karibu na usukani, ili fundi yeyote aweze kusoma bila kupiga magoti mbele ya kiwanda. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walikwenda mbali zaidi, wakapitisha haki ya mwenye gari na fundi wa mtaani kupata taarifa za matengenezo. Ujuzi huo ulipiganiwa, haukugawiwa kwa hisani.

Namba nayo si hukumu. P0171 husema injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka, si sensa ya bei kubwa. Anayechomoa betri kabla ya kusoma namba amefuta ushahidi kabla ya kesi. Na taa ya injini ikimweka badala ya kuwaka tuli, kwa kawaida plagi hazichomi sawasawa na mafuta mabichi yanakwenda kuunguza masega: punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama.

Wanafunzi wangu watauliza siasa iko wapi. Iko kwenye utepe. Kila mwaka ripoti ya CAG hutua bungeni, nayo ni taa. Kuna ofisi zinazoisoma, na kuna zinazotafuta utepe. Anayezoea kufunika onyo dogo huwa hachagui tena, kwani utepe haujui kutofautisha njano na nyekundu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nina ombi moja kwa watumishi wa umma wanaonisoma. Kesho asubuhi nendeni kwenye gari la ofisi likiwa limeegeshwa mahali tambarare na injini ni baridi. Vuteni stiki, ifuteni, irudisheni, mvute tena: oili iwe kati ya alama mbili. Kisha fungueni swichi bila kuwasha injini. Taa za onyo, ya oili na ya injini zikiwamo, zinapaswa kuwaka. Ikiwapo isiyowaka, msifurahi. Ulizeni nani aliizima, na lini.