Turufu

Waingereza wana vitenzi chungu nzima vya kumshinda mpinzani, lakini kimoja ninakionea wivu: trump. (Simzungumzii yule jamaa wa Washington, jina la ukoo wake lina safari yake.) Ukimpita mwenzako mbio umemshinda tu, huja-trump mtu. Kitenzi hiki kinataka umpige kwa kitu cha daraja jingine kabisa, hata kama alichoshika yeye ni kikubwa kuliko chako.

Kilitoka kwenye karata. Katika michezo mingi aina moja huteuliwa kuwa turufu kabla watu hawajaanza kucheza, mara nyingine kwa kufunua karata moja tu. Basi. Kuanzia hapo, mbili ya turufu inaila ree ya aina nyingine yoyote. Na ree haijakosea kitu.

Warumi waliita triumphus yale maandamano ya jemadari aliyerudi na ushindi: yeye juu ya gari la farasi wanne, mateka wakitangulia kwa miguu. Karne ya 15 Waitalia wakaliazima neno, trionfi, wakawapa karata maalumu zilizozishinda nyingine zote. Waingereza nao wakawa na mchezo walioita triumph, ulimi ukachoka, ikawa trump. Mwaka 1529 mhubiri Hugh Latimer alisimama Cambridge akahubiri kwa mfano wa mchezo huo huo, akaifanya kopa kuwa turufu ya Mkristo.

Sasa hiyo kopa, na turufu yenyewe, tulizipata wapi? Kwa Wareno, waliofika Mombasa 1498 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu 1593. Turufu ni trunfo yao, kwa hivyo ni binamu wa damu wa trump. Kopa ni copas, vikombe. Shupaza ni espadas, panga. Pao ni fimbo, uru ni dhahabu. Tazama karata vizuri: umechorewa moyo, unauita kikombe! Mreno naye hufanya vivyo hivyo, manake majina ni ya karata za kale zilizochorwa vikombe na panga kweli. Picha zikabadilika, majina yakabaki. Mwingereza asicheke, spade yake kwenye karata ni upanga wa watu wa kusini mwa Ulaya, si sepetu. Ninachokipenda zaidi ni mfalme. Sisi tulimwita mzungu wa nne, na katika mchezo wa Kireno wa sueca mfalme huhesabiwa pointi 4.

Tuna kupiku pia, nacho ni kitenzi cha karata. Lakini watangazaji wa mpira wamekitumia hadi kikachakaa. Timu ikiongoza kwa pointi moja, ati imewapiku wenzake. Hapo hakuna turufu, kuna hesabu tu.

Tofauti hiyo mimi naijua vizuri. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha. Baadaye niliomba kazi ya uhariri mahali fulani, nikaambiwa sampuli yangu ndiyo bora waliyosoma, kisha wakauliza cheti. Aliyeipata kazi hakunishinda kwa kuandika, na sidhani alihitaji. Aina iliyotawala meza ilikuwa imeshafunuliwa kabla sijaketi.

Lakini kitenzi chenyewe hakina upande. Mwaka 1977 mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin, Mmarekani, alichapisha kitabu kinachozichukulia haki za mtu kama turufu: manufaa ya wengi, hata yawe makubwa namna gani, hayatoshi peke yake kuzila. Mnyonge mwenye karata ndogo ya aina inayotawala. Katiba yetu ya 2010 ina mchezo kama huo kwenye kifungu cha 2(4): sheria yoyote, hata ya mila, inayopingana nayo ni batili kwa kadiri inavyopingana. Mwanasheria akisema Kiingereza atakwambia Katiba trumps, amemaliza.

Kwa Kiswahili nimejaribu “kuturufu”. Bado halikai vizuri mdomoni.