"Inacheza Crysis?" Wasiojulikana Waliopigania Fremu za Gemu Iliyotesa PC za Dunia Nzima

Novemba 2007 ilitoka gemu moja ya PC iliyowafanya hata wenye kompyuta za bei mbaya waone aibu. Inaitwa Crysis. Unaifungua, unasubiri, kisiwa kinatokea mbele yako: bahari inang'aa, minazi inayumba, jua linapenya kwenye majani. Halafu unageuza kichwa kidogo tu, na picha inaanza kukatikakatika kama video ya mtu ambaye bando limebaki MB tano. Hapo ndipo ulipozaliwa utani ambao mpaka leo haujafa. Ikitangazwa kompyuta mpya, hata iwe na bei ya kiwanja, lazima atokee mtu aulize: sawa, lakini inacheza Crysis?

Utani wote tunaujua. Wasiojulikana ni wale walioifanya icheze. Ni vijana waliokuwa na PC za kawaida, hawana hela ya kununua nyingine, na wakaamua kwamba gemu waliyoitolea takriban dola 50 haiwezi kukaa kwenye diski kama pambo. Hawakuwa na vyeo wala mishahara kwa kazi hiyo, na wengi wao waliacha majina ya bandia tu mtandaoni. Lakini jinsi mchezaji wa leo anavyotafuta fremu inafanana sana na walivyofanya wao.

Ndugu watatu na kisiwa cha mwaka 2020

Crysis ilitengenezwa na studio ya Crytek ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1999 na ndugu watatu wenye asili ya Uturuki. Studio hiyo ilishajipatia jina mwaka 2004 kwa gemu ya Far Cry, na safari hii ilitaka kufunga mjadala kabisa. Hadithi ya Crysis inamfuata mwanajeshi mwenye suti ya ajabu, kisiwani, mwaka 2020. Yaani jamaa waliangalia miaka 13 mbele, na hawakuishia kwenye hadithi, picha nazo walizichora kwa macho ya kesho.

Mfano ni SSAO, mbinu ya kukisia kile kigiza kidogo kinachojificha kwenye pembe za ukuta na chini ya vitu. Gemu ya kwanza kutoka nayo ilikuwa Crysis, na baadaye ikaenea kila kona ya tasnia. Bosi wa studio alikuja kueleza kwamba kiwango cha juu kabisa cha picha kiliwekwa kwa ajili ya kompyuta za miaka ijayo. Alitaka mtu akiirudia gemu baada ya muda aione imependeza zaidi, siyo imezeeka.

Wazo zuri, ila mnunuzi hakulipokea hivyo. Mtu umetoa hela yako, kwenye menyu unaona kuna kiwango kinaitwa Very High, utakubalije kukaa Medium? Ni sawa na kukata tiketi ya VIP halafu unaambiwa viti vyake vitaletwa mwakani.

Fremu moja inapikwaje

Ili uelewe wale vijana walipambana na nini, anza hapa. Gemu haikuchezei video iliyorekodiwa. Kila picha unayoiona inatengenezwa papo hapo. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kumaliza kila picha. Ukiridhika na fremu 30, inapata milisekunde 33.3. Ikichelewa hapo, jicho lako linaona mkwamo.

Kazi hiyo ina mafundi wawili. Prosesa ndiyo inayofikiri: adui aelekee wapi, kibanda kikilipuliwa mabati yaangukie wapi, kitu gani kichorwe. Kadi ya picha ndiyo inayochora.

Fikiria kibanda cha chipsi. Mmoja anamenya na kukata viazi, mwingine anakaanga. Mkaangaji awe mwepesi vipi, kama viazi havijamenywa atabaki anatazamana na mafuta yanavyochemka. Ukienda kununua kikaango kikubwa zaidi, umetupa hela. Na hapo ndipo Crysis ilipowaumiza hata waliokuwa nazo.

Kamari iliyokwenda kombo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasi ya prosesa ilikuwa inapanda kila mwaka. Watengenezaji wa gemu wakazoea: gemu ikiwa nzito leo, subiri kidogo, prosesa mpya itaibeba. Pentium 4 ya Intel ilifika GHz 3.8 mwaka 2004. Mwaka huohuo Intel ikafuta mpango wa kutoa ile ya GHz 4. Joto na ulaji wa umeme vilishakuwa mzigo.

Viwanda vikabadili njia. Badala ya kiini kimoja kinachokimbia zaidi, vikaanza kuweka viini viwili, kisha vinne, ndani ya prosesa moja. Core 2 Duo ilipoingia sokoni mwaka 2006, mbio za GHz zilikuwa zimeshapoa.

Tatizo ni kwamba injini ya Crysis ilibeba sehemu kubwa ya kazi yake kwenye kiini kimoja. Ukiwa na viini vinne, kimoja kinatoka jasho na vingine vinapiga soga. Turudi kibandani: umeajiri wamenya viazi wanne, lakini kisu ni kimoja. Ndiyo maana hata kadi za picha ziliposonga mbele sana, kuna sehemu za gemu zilibaki ngumu, hasa pambano la mwisho kwenye meli ya kubebea ndege.

Na kadi zenyewe zilikuwa zinalia. GeForce 8800 GTX, iliyotoka Novemba 2006 kwa takriban dola 600, ndiyo ilikuwa baba lao. Ukiiweka Very High kwenye skrini kubwa za wakati ule, haikufika fremu 30 kwa sekunde. Kwa hiyo kiukweli pesa peke yake haikutosha, na ndipo ujuzi ukawa na thamani kuliko risiti.

Jeshi la Notepad

Crytek walikuwa wameacha mlango mmoja wazi. Mipangilio ya gemu ilikaa kwenye faili za maandishi ya kawaida, unazifungua kwa Notepad na kusoma. Mstari mmoja, jina moja, namba moja. Kulikuwa na amri ya kuandika r_displayinfo 1, na idadi ya fremu inatokea pembeni ya skrini. Tena ndani ya folda ya gemu mlikuwa na jaribio tayari la kupima kadi ya picha na jingine la kupima prosesa.

Ushindi wa kwanza wa wachezaji ulikuwa wa kisirisiri. Kiwango cha Very High kilifungwa kwa wenye Windows XP. Ukikitaka, uwe na Windows Vista na DirectX 10. Vista ilikuwa imetoka Januari 2007, na watu wengi hawakuipenda. Wachezaji wakafungua zile faili, wakachukua namba za Very High, wakazihamishia kwenye kiwango cha chini yake. Wakawasha gemu. Sehemu kubwa ya mapambo yaliyosemekana yanahitaji Windows mpya yakatokea kwenye XP ileile, na mara nyingi gemu ikakimbia vizuri zaidi kuliko kwenye Vista. Fikiria mtu aliyekuwa karibu kununua Windows mpya kwa sababu ya gemu moja tu. Faili la maandishi lilimwokolea hela.

Ushindi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, maana ulihusu kupunguza. Kupunguza kila kitu ni rahisi: weka Low, kisiwa kinageuka plastiki, unacheza huku moyo umesinyaa. Swali lilikuwa upunguze nini ili upate fremu nyingi kwa kupoteza uzuri kidogo. Njia iliyofanya kazi ni ya kuchosha. Badili mstari mmoja. Pita njia ileile. Andika namba. Rudisha. Badili mwingine.

Kwa njia hiyo picha halisi ikaonekana. Ubora wa sura za vitu, kama ngozi, mbao na mawe, haugusi sana fremu mradi kadi ina memori ya kutosha. Vivuli vinakula sana. Ukungu wa picha unapokimbia na madoido ya mwanga nayo yanakula. Idadi ya vitu vinavyoonekana kwa mbali na hesabu za vitu vinavyovunjika zinamwelemea prosesa.

Halafu kuna ukubwa wa picha. Skrini ya 1920 kwa 1200 ina nukta 2,304,000 za kuchora kila fremu. Ukishuka hadi 1280 kwa 800 zinabaki 1,024,000, chini ya nusu. Hapo likapatikana jaribio rahisi kuliko yote: shusha ukubwa wa picha. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imechoka. Zisipopanda, achana na kadi, mwenye tatizo ni prosesa. Mkaangaji hana kosa, viazi ndiyo havijamenywa.

Siyo kila kilichosambazwa kilikuwa dawa. Faili zenye mistari kibao zilipita mkono kwa mkono, na wengi walizibandika bila kujua mstari upi unafanya nini. Mtu anasema "sasa inateleza!" na hajapima chochote. Kilichotofautisha mganga na fundi ni ile namba ya pembeni ya skrini. Ilipanda au haikupanda?

Soko nalo lilisaidia kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 2007, wiki chache kabla ya Crysis kutoka, ilikuja GeForce 8800 GT kwa chini ya dola 300, ikiwa na nguvu iliyoikaribia sana ile ya dola 600. Kwa wengi, kadi hiyo pamoja na faili iliyopangwa kwa akili ndiyo iliyowafikisha kisiwani.

2011, 2020, na tatizo lilelile

Oktoba 2011 Crysis iliingia kwenye PlayStation 3 na Xbox 360 kwa injini mpya. Safari hii watengenezaji wenyewe ndio waliolazimika kufanya kazi ya wale vijana: kukata. Walipunguza, wakapanga upya, na sehemu nzima ya kurusha ndege ikaachwa.

Kisha ukafika mwaka 2020 wenyewe, ule wa kwenye hadithi. Septemba ikatoka Crysis Remastered kwa PC. Studio ikaukumbatia utani: kiwango cha juu kabisa cha picha kikapewa jina la lile swali maarufu. Ila waliokuwa na prosesa za viini vingi waligundua kitu cha kuchekesha na kuuma kwa pamoja. Kiini kimoja bado kilikuwa kinabanwa. Miaka 13, na kisu bado kimoja.

Leo kuna teknolojia kama DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD. Zinachora picha kwa nukta chache, kisha zinaikuza kwa ujanja ili ionekane kubwa. FSR, iliyotoka 2021, ilipokelewa vizuri na wenye kadi za zamani kwa sababu haikuwabagua. Ukiangalia kiini cha wazo, ni lilelile la kushusha ukubwa wa picha, ila sasa kwa kitufe kimoja na kwa uzuri zaidi. Na udhaifu wake unabaki uleule: kama prosesa ndiyo iliyochoka, kitufe hicho hakitakusaidia kitu.

Kwa hiyo gemu ikikukwamia leo, usikimbilie duka. Washa kipimo cha fremu. Shusha ukubwa wa picha uone nani kachoka. Kama ni kadi, anza na vivuli na madoido ya mwanga, moja baada ya jingine. Kama ni prosesa, punguza umbali wa kuona vitu na idadi ya vitu, na funga programu zinazofanya kazi chinichini. Hela iwe hatua ya mwisho, na ukiitoa ujue unamnunulia fundi yupi.

Majina ya waliotengeneza Crysis yamo kwenye orodha ya mwisho wa gemu. Ya waliowafanya watu wa PC za kawaida waione ile bahari bila mkwamo hayamo, na wengi wao hawakuyaacha popote.

Swali la wadau: PC yako ikikulazimisha uchague, unatoa nini kwanza, vivuli, majani au ukubwa wa picha? Dondosha komenti, na useme ulipata fremu ngapi.