Kiwanda cha Kwanza Kwenye Kioo

Hapa Ngara kijana akiazimwa kompyuta kwa jioni mbili hana nafasi ya kuonja michezo kumi. Lazima achague. Vijana wenzangu wa Biharamulo wameniuliza: katika ile michezo ya kujenga kiwanda au kuipangia mashine amri, mtu aanze na upi? Mimi najibu kwa historia.

Mwaka 1967 huko Marekani, Seymour Papert na wenzake walitunga Logo, lugha ya kuwazoesha watoto kuiamuru kompyuta. Sisi je? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sitaki kuwalaumu wakubwa, lakini ndiyo maana wazee wetu hawana hadithi za kompyuta.

Za chuma wanazo, tena tele. Mwaka 1976, kaskazini ya hapa kwetu, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru la kuyeyushia chuma mbele ya mtafiti Peter Schmidt. Walichoma majani ya kinamasi wakayajaza shimoni, wakapanga makaa ya miti na mawe ya chuma, kisha vijana wakashika mivukuto. Mmoja akizembea, moto unapoa na kazi ya wote inaharibika.

Sasa tazama Factorio, mchezo wa kampuni ya Wube ya Prague, uliotoka rasmi mwaka 2020. Umeanguka kwenye sayari ngeni. Unachimba mawe ya chuma, unajenga tanuru la mawe, unatia makaa. Kumbe ni yale yale! Baadaye inakuja mikanda ya kubebea mizigo, na tanuru likikosa makaa, mashine zote za mbele yake zinakaa bure. Mzee wa mivukuto angeelewa upesi kuliko mhitimu wa kompyuta.

Wapo wanaosifu Human Resource Machine wa mwaka 2015. Humo karani mdogo anabeba vitu toka upande mmoja hadi mwingine kwa amri 11 tu. Ni mtamu, na mwepesi kwa mashine kuukuu. Ila pale fumbo umewekewa na mtu mwingine. Kwenye Factorio fumbo unalizaa mwenyewe kwa jinsi ulivyopanga jana, na sisi tunaoota kuandika riwaya tunalijua vizuri balaa hilo.

Tena tuna nikeli ya Kabanga, wilayani kwetu, iliyoanza kuchunguzwa miaka ya 1970. Mkataba wa serikali ulisainiwa Januari 2021, na kiwanda cha kusafishia kikapangiwa Kahama. Vijiweni watu wanafoka: kwa nini mawe yetu yasafirishwe? Hoja nzito hiyo, lakini wachache wanauliza umeme kiasi gani, reli ipite wapi, mabaki yamwagwe wapi. Mchezo huu unakuzoesha kuuliza maswali ya namna hiyo.

Basi anza na Factorio. Lipo toleo la bure la kuonja, na ukishalipakua halidai intaneti. Jioni mbili zinatosha kuwasha matanuru ya kwanza.