Jumba Lisilochagua Kazi

Oktoba 1, 1880, mji wa Melbourne ulifungua maonyesho ya kimataifa katika bustani ya Carlton. Mji wenyewe haukuwa umetimiza miaka hamsini, ila dhahabu iliyogunduliwa Victoria mwaka 1851 ilikuwa imeutajirisha, na tajiri mpya hatulii mpaka aonekane. Joseph Reed alichora jumba lenye kuba iliyofuata ile ya kanisa kuu la Florence. Aliyelijenga ni David Mitchell, baba wa mwimbaji Nellie Melba.

Sydney, hasimu wa Melbourne, ilikuwa imeutangulia mji huo kwa mwaka mmoja, lakini jumba lake lilijengwa mbiombio, sehemu kubwa kwa mbao. Septemba 1882 liliteketea lote, pamoja na kumbukumbu za sensa na vyombo vingi vya wenyeji wa asili ambavyo havikupatikana tena. La Melbourne lilikuwa la matofali. Matofali huzuia moto. Madiwani ni habari nyingine.

Mei 9, 1901, Bunge la kwanza la Australia lilifunguliwa humo mbele ya wageni wapatao 12,000. Kisha wabunge wa shirikisho wakachukua jengo la Bunge la Victoria, na wenye jengo, nadhani kwa manung'uniko, wakahamia ubavuni mwa jumba la maonyesho. Walikaa huko hadi 1927, makao mapya ya Canberra yalipokamilika.

Kazi zilizofuata hazikuwa na fahari. Mwaka 1919, homa ya mafua ilipovamia mji, ukumbi ulijazwa vitanda vya wagonjwa. Wakati wa Vita vya Pili likaingia jeshi la anga. Baada ya vita, wahamiaji kutoka Ulaya wakapewa malazi uwanjani pake. Olimpiki ya 1956 ilileta wanamieleka na wanyanyua vyuma.

Katikati ya pilikapilika hizo, mwaka 1948, halmashauri ya jiji ilipigia kura hoja ya kulibomoa. Liliponea chupuchupu. Ukumbi wake wa dansi haukupata bahati hiyo: ulivunjwa mwaka 1979, na kelele za wananchi ndizo zilizowafanya wakubwa walitazame upya jumba lililobaki.

Mwaka 2004 likaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia, jengo la kwanza la Australia kufika humo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliendelea kufanyia mitihani yao chini ya kuba ileile.