Hija ya Namugongo: Historia ya Mashahidi wa Uganda na mambo ya kujua kabla ya kulipa nauli

Kila mwaka ifikapo mwishoni mwa mwezi Mei, makundi ya waamini Wakatoliki kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na nchi nyingine huelekea Uganda. Wengine hupanda mabasi, wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Wote wanakwenda Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda inayoadhimishwa tarehe 3 Juni.

Kwa watu wengi wa vijijini hii huwa ndiyo safari ya kwanza ya nje ya nchi. Nauli hutokana na mauzo ya kahawa, mbuzi, au akiba ya mwaka mzima. Kwa hiyo ni vizuri msikilizaji ujue unakwenda kuona nini, na uhakikishe nini kabla hujatoa fedha yako.

Mashahidi wa Uganda ni akina nani?

Ni Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani katika ufalme wa Buganda kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga wa Pili. Wakatoliki ni 22 na Waanglikana ni 23. Wengi wao walikuwa vijana waliohudumu katika ikulu ya kabaka. Mdogo anayejulikana zaidi, Kizito, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Wale 22 walitangazwa wenyeheri na Papa Benedikto wa 15 mwaka 1920. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mjini Roma, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Siku hiyo Papa aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo.

Kwa nini waliuawa?

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Kwanza ni hofu ya kisiasa. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi upande wa pwani yetu, na habari hizo zilifika Buganda. Askofu Mwanglikana James Hannington alipojaribu kuingia Buganda akipitia Busoga, upande wa mashariki, alikamatwa na kuuawa Oktoba 1885.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki na mtumishi mkubwa wa ikulu, alimkosoa kabaka kwa mauaji hayo. Pia alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu ambao kabaka alitaka wamtimizie tamaa za mwili. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, akawa Mkatoliki wa kwanza kuuawa.

Karoli Lwanga ndiye aliyeshika uongozi wa vijana baada yake. Aliendelea kuwafundisha dini na kuwalinda. Mwishoni mwa Mei 1886 hasira ya kabaka ilipopanda, huko Munyonyo, Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwemo. Kesho yake waliamriwa wachague: kuacha kusali au kufa. Waliokataa kuacha walifungwa kamba na kupelekwa Namugongo, mahali pa kunyongea watu wa ufalme.

Tarehe 3 Juni 1886

Walikaa kifungoni Namugongo takriban wiki moja huku kuni zikikusanywa. Siku waliyochomwa ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Wengine walifungwa katika matete na kuwekwa juu ya kuni. Wakatoliki waliouawa Namugongo siku hiyo ni 13, na Waanglikana walichomwa pamoja nao.

Miongoni mwao alikuwepo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wanyongaji. Mlezi wake alimsihi sana aikane dini au akubali kufichwa. Alikataa. Mukajanga aliagiza apigwe shingoni kwanza, ili asichomwe akiwa hai.

Historia hii inaigusa Tanzania

Wamisionari wa kwanza Wakatoliki waliofika Buganda walipita kwetu. Mapadre Weupe, wanaoitwa pia Wamisionari wa Afrika, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878, wakapitia Tabora hadi Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza ya leo. Kutoka hapo Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Lourdel jina la Mapeera. Mwaka 1882 mapadre hao walilazimika kuondoka Buganda wakahamia kusini mwa ziwa, na walirudi mwaka 1885. Kipindi chote hicho imani ilishikwa na walei, watu kama Balikuddembe.

Utaona nini Namugongo?

Basilika la Namugongo lina umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, na limezungukwa na nguzo 22, kila nguzo kwa shahidi mmoja. Altare iko mahali ambapo Karoli Lwanga alichomwa. Kanisa hilo lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975. Chini yake kuna bwawa lenye kisiwa kidogo, ambako altare ya misa ya sikukuu huwekwa, na watu hukaa kwenye mteremko unaolizunguka.

Papa Paulo wa Sita alifika Namugongo mwaka 1969, katika safari ya kwanza ya papa aliye madarakani kuja Afrika. Yohane Paulo wa Pili alifika mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015. Kilomita chache kutoka hapo kuna kituo cha Waanglikana, ambacho nacho Papa Fransisko alikitembelea.

Kikundi chenye muda kinaweza kufika pia Munyonyo, mahali ulipoanzia msafara wa mashahidi na ambako Dionisi Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa. Kigungu na kanisa kuu la Rubaga pia ni sehemu zinazotembelewa. Muulize kiongozi mapema kama sehemu hizo zimo katika ratiba na katika bei.

Je, ni lazima iwe tarehe 3 Juni?

Hapana. Kituo hupokea mahujaji mwaka mzima. Siku ya sikukuu kuna furaha ya kusali na umati mkubwa, lakini pia kuna foleni, kulala chini, na wengi hawafiki karibu na basilika. Kwa mama mjamzito, mzee au mgonjwa, mwezi mwingine ni bora zaidi. Atakaa mbele ya altare ileile bila kusukumwa.

Nyaraka na chanjo

Mtanzania anayevuka Mutukula anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa au barua ya paroko haichukui nafasi ya hati hizo. Barua ya paroko ni utambulisho wa kikanisa tu.

Unahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kikadi cha rangi ya njano. Chanjo hii huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha yako yote, kitunze. Usinunue cheti bila kuchanjwa: ugonjwa huu unaua na hausomi karatasi.

Linda fedha yako

Hija huvutia pia matapeli. Kabla ya kutoa hata senti, fanya haya:

- Uliza ofisi ya parokia kama inamtambua anayeandaa safari. Kutaja jina la padre hakutoshi, mpigie padre mwenyewe au umfuate.
- Dai risiti kila unapolipa. Ukituma kwa simu, tuma kwa namba iliyotangazwa na parokia na uhifadhi ujumbe wa muamala.
- Uliza bei inahusu nini: nauli tu, au pamoja na malazi na chakula?
- Uliza utarudishiwa kiasi gani ukiugua au safari ikiahirishwa, na jibu liandikwe.
- Badilisha fedha benki au kwenye duka lenye kibali, usibadilishe kwa watu wa barabarani mpakani.

Andika kwenye karatasi namba ya kiongozi na ya mtu wa nyumbani, uiweke mfukoni. Simu inaweza kuisha chaji au kupotea, na katika umati ule karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha kwa wenzako.

Dawa na maji ya Namugongo

Mahujaji wengi huchota maji ya Namugongo na kurudi nayo nyumbani kama ishara ya imani. Hakuna ubaya. Lakini anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au virusi vya UKIMWI asiziache kwa sababu amepata maji hayo. Beba dawa za kutosha siku zote za safari na nyingine za akiba, uziweke kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye buti ya basi. Na maji ambayo hayajachemshwa yanaweza kukuharisha hata kama yametoka mahali patakatifu.

Asiyeweza kwenda je?

Hija haimo katika Amri za Kanisa. Hakuna Mkatoliki anayetenda dhambi kwa kutokwenda Namugongo, wala hapaswi kuuza shamba au kukopa ada ya mtoto ili aende. Tarehe 3 Juni misa ya mashahidi hawa huadhimishwa katika Kanisa zima, na parokia na vigango vingi vya kwetu vina jina la Karoli Lwanga au Kizito. Wao wenyewe walimshuhudia Kristo pale walipokuwa wakiishi na kufanya kazi.

Kama una swali kuhusu safari hii, tutumie ujumbe mfupi kupitia namba inayotangazwa kila siku katika vipindi vyetu, nasi tutalipeleka kwa wahusika na kukusomea jibu hewani.