Somo la Historia: Arthur Mitchell, Mcheza Baleti wa Harlem

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi anayo karatasi ya somo. Nawe mwanafunzi, fuata maneno kwa kidole ninapoyasoma. Ukikuta neno gumu, litie alama. Huenda utalikuta limeelezwa mwishoni.

Leo tutasoma habari za mtu aliyefanya kazi ambayo labda hujapata kuisikia, yaani kazi ya kucheza baleti. Jina lake ni Arthur Mitchell. Alikuwa mtu mweusi wa Marekani. Alizaliwa tarehe 27 Machi 1934 katika mtaa wa Harlem, mjini New York.

Kwanza tujue baleti ni nini. Baleti ni dansi ya jukwaani. Wachezaji hawasemi neno lo lote. Hufuata muziki, na kama kuna hadithi huieleza kwa mwili tu. Dansi hii ilianza katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha dansi mjini Paris. Ndiyo sababu hata leo mwalimu wa baleti, awe Mrusi au Mjapani, huzitaja hatua zake kwa maneno ya Kifaransa.

Usidhani kwamba ni mchezo wa kujifurahisha tu. Baleti ni ufundi, kama useremala ulivyo ufundi. Wengi huanza kufundishwa wakiwa watoto wa miaka minane au kumi. Mwanafunzi hushika ufito uliowekwa ukutani, akakunja magoti na kunyosha miguu, tena na tena. Hata akiwa bingwa, kila siku hurudi kwenye ufito ule. Mwanamke hujifunza kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Mwanamume hujifunza kuruka juu, na kumwinua mwenziwe kana kwamba hana uzito. Tena miaka ya kazi hii ni michache: wengi huiacha wakikaribia miaka arobaini.

Arthur Mitchell hakuanza akiwa na miaka minane. Alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake hakuwako tena nyumbani, na kijana huyu akawa mmoja wa watu wa kuitegemeza jamaa yake. Alipiga viatu rangi, alipeleka magazeti nyumba kwa nyumba, alipiga deki, na alifanya kazi katika duka la nyama. Lakini alipenda sana kucheza. Mshauri mmoja wa shule alimwona akicheza, akamhimiza aombe nafasi katika shule ya serikali iliyofundisha sanaa. Akapokelewa, akamaliza mwaka 1952. Ndipo akapewa msaada wa masomo katika shule kubwa ya baleti ya New York. Alikuwa na miaka 18. Wenzake walikuwa wameanza zamani, naye ndiyo kwanza aanze kujifunza baleti kwa bidii.

Wakati huo wako watu waliosema kwamba mwili wa mtu mweusi haufai kwa baleti. Mitchell hakubishana nao kwa maneno. Mwaka 1955 alichukuliwa na kundi la New York City Ballet, lililoongozwa na George Balanchine, mtunzi wa dansi aliyezaliwa Urusi. Mitchell alitoa sharti moja: kundi lisimtangaze magazetini kuwa ni mtu mweusi wa kwanza. Alitaka watazamaji wahukumu kazi yake, wasihukumu rangi yake.

Sasa tufike mwaka 1957. Kumbuka mwaka huo, maana mwezi Septemba, katika mji wa Little Rock, askari wa jeshi la Marekani walilazimika kuwalinda wanafunzi tisa weusi ili waweze kuingia katika shule ya sekondari ya Wazungu. Miezi michache tu baadaye, mwezi Desemba, Balanchine alionyesha dansi mpya iitwayo Agon. Katikati ya dansi hiyo aliwaweka watu wawili peke yao: Arthur Mitchell, na mwanamke Mzungu aitwaye Diana Adams. Mkono mweusi ulishika mkono mweupe mbele ya watu wote. Katika majimbo mengi ya Marekani wakati ule, sheria ilikataza watu wawili kama hao kuoana. Dansi ile ilisifiwa sana, na mpaka leo yahesabiwa kuwa moja ya kazi kubwa za karne ya 20. Lakini televisheni za biashara za Marekani hazikumwonyesha Mitchell akiicheza na mwanamke Mzungu mpaka mwaka 1968.

Tarehe 4 Aprili mwaka huo huo wa 1968, Dr. Martin Luther King aliuawa kwa risasi. Mitchell alikuwa akisaidia kuunda kundi la baleti nchini Brazil. Habari hiyo ilimfanya ajiulize: mimi nimeingia mlangoni, je, watoto wa Harlem wataingia lini? Akarudi kwao. Akaanza kufundisha katika gereji, akaacha milango wazi ili wapita njia waone. Wavulana walioona haya kuvaa nguo za kubana aliwaruhusu waje na suruali zilizokatwa. Alianza na watoto 30. Baada ya miezi miwili walikuwa 400.

Mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake wa zamani, Karel Shook, Mzungu, alianzisha Dance Theatre of Harlem, yaani shule na kundi la baleti. Jambo moja dogo litakuonyesha fikira zake. Kwa desturi mwanamke wa baleti huvaa soksi ndefu na viatu vya rangi ya waridi, ili vifanane na ngozi ya Mzungu. Kundi la Harlem lilivipaka rangi, kila mchezaji kwa rangi ya ngozi yake mwenyewe.

Mwaka 1992 kundi hilo lilikwenda Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa serikali ulipokuwa ukielekea mwisho. Safari haikuwa nyepesi siku zote. Mwaka 2004 madeni yalilisimamisha kundi, ingawa shule iliendelea. Mwaka 2012 likarudi jukwaani. Mitchell alifariki tarehe 19 Septemba 2018, akiwa na miaka 84.

Wewe nawe umeshika kitabu ukiwa mtu mzima. Mitchell alianza nyuma ya wenzake, akawapita wengi. Kisha akarudi nyuma kuwachukua wengine. Fikiri juu ya hayo mpaka somo lijalo. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA
Jukwaa: mahali palipoinuka ambapo wachezaji huonekana na watu.
Ufito: mti mwembamba, mrefu.
Sharti: jambo ambalo lazima likubaliwe kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini Mitchell hakutaka kutangazwa kuwa mtu mweusi wa kwanza?
2. Kwa nini aliacha wazi milango ya gereji?
3. Katika kijiji chenu, ni nani aliyejifunza kazi akarudi kuwafundisha wengine?